Besi inayobeba wimbo: vyombo, umeme na masikilizano katika bendi za vijana



Huku kwetu mashariki ya Kongo, mkutano wa amani usio na muziki ni nadra. Kabla ya hotuba ya mkuu wa mtaa, kwaya inaimba. Baada ya mchezo wa kuigiza, bendi ya vijana inapiga, na wengi wanaobaki mpaka jioni wanabaki kwa sababu ya bendi hiyo. Ndiyo maana makundi mengi ya vijana, yanapoandika mradi, yanaomba kwanza vyombo vya muziki.

Sisi tunaofanya kazi mitaani na vijijini tunafurahia maombi hayo. Lakini tumeona pia kwamba vyombo vilivyotolewa ili kuwaleta vijana pamoja vinaweza kuwagawanya. Ampli inaungua juma la kwanza, na kila mtu anamtafuta mwenye kosa. Gitaa linalala nyumbani kwa mtu mmoja, na wengine wanaanza kunong'ona. Mara nyingi tatizo linaanzia kwenye besi, chombo ambacho watu wanakisahau wakati wa kuandika orodha, ingawa ndicho kinachohitaji nguvu nyingi za umeme na uangalizi mkubwa.

Makala hii inaeleza mambo matatu: kazi ya besi katika bendi, namna ya kuchagua na kutunza vyombo vyake, na namna ya kuishi pamoja kuzunguka vyombo hivyo. Tunawaandikia viongozi wa makundi, wanamuziki wenyewe, na pia wenzetu wa mashirika wanaonunua vyombo bila kuwauliza wapigaji.

Besi inafanya kazi gani?

Gitaa la besi la kawaida lina nyuzi nne nene. Kuanzia ule mnene kabisa zinaitwa mi, la, re na sol. Uzi wa mi hutetemeka kama mara 41 kwa sekunde, la mara 55, re mara 73 na sol mara 98. Sauti hizi ziko karibu na mwisho wa chini wa uwezo wa sikio la binadamu. Kwa hiyo msikilizaji anaisikia besi kwa masikio na pia kwa kifua na miguu. Watu wachache wataondoka uwanjani wakisema, "Besi ilipigwa vizuri." Lakini ikinyamaza katikati ya wimbo, hata mtoto anajua kwamba kitu kimeanguka.

Katika bendi ya rumba yetu kazi zimegawanywa vizuri. Gitaa la solo linapamba. Gitaa la kusindikiza linashika njia. Mi-solo linakaa kati ya hayo mawili na kuyaunganisha. Ngoma zinatoa mwendo. Besi inasimama mlangoni, kati ya ngoma na magitaa: mkono mmoja umeshika mwendo, mkono mwingine umeshika sauti za wimbo. Mpiga ngoma akiharakisha, besi inaweza kumrudisha. Mpiga solo akipotea, anaisikiliza besi ili ajue wimbo umefika wapi.

Wapigaji wakubwa wa besi wa Kongo, kama Flavien Makabi na Mpudi Decca wa TPOK Jazz, walifundisha kizazi kizima kwamba besi si kugonga kila pigo. Inatoa sauti mbili tatu, inaacha nafasi, inajibu ngoma, halafu inarudi. Sebene inapoanza na watu wote wanasimama kucheza, besi ndiyo inayozuia furaha isigeuke fujo.

Chombo chenyewe si cha zamani sana. Mwaka 1951, huko California nchini Marekani, Leo Fender alianza kuuza gitaa la umeme la besi lililoitwa Precision Bass. Kabla ya hapo wapigaji walitumia kontrabasi, lile gitaa la kusimama lenye urefu wa mtu, na bendi za kwanza za Kinshasa nazo zililitumia. Gitaa jipya lilikuwa jepesi kubeba, na kwa msaada wa ampli lilisikika hata katika baa yenye makelele.

Historia ya muziki wetu inatupa pia somo la masikilizano. Januari 1960, viongozi wa Kongo walipokwenda Brussels kwenye Meza ya Mviringo kujadili uhuru, Joseph Kabasele wa African Jazz alikwenda kupiga muziki huko. Katika kundi lake alikuwa na Vicky Longomba na Brazzos, ambao walitoka OK Jazz, bendi iliyokuwa ikishindana na yake. Kutoka safari hiyo tulipata wimbo wa uhuru unaojulikana Afrika nzima. Wanamuziki wa bendi mbili zilizoshindana walisimama jukwaa moja wakati nchi ilipowahitaji.

Kuchagua gitaa

Kundi linaloanza halihitaji gitaa la nyuzi tano au sita. Uzi wa tano, si ya chini, hutetemeka kama mara 31 kwa sekunde, na ampli nyingi ndogo haziwezi kuutoa vizuri. Nyuzi nne zinatosha kwa rumba, kwa nyimbo za kanisani na kwa nyimbo za kijiji.

Mkiwa dukani, au mkipelekewa gitaa lililokwisha tumika, angalieni mambo haya:

Shingo. Weka gitaa kama bunduki machoni na utazame shingo kwa urefu. Kupinda kidogo ni kawaida na fundi anaweza kunyoosha kwa kukaza chuma kilicho ndani ya shingo. Shingo iliyojisokota kama kamba haifai kununuliwa.

Urefu wa nyuzi. Kwa gitaa la kawaida, sehemu ya uzi inayotetemeka ina urefu wa sentimita 86 hivi. Kuna magitaa mafupi ya sentimita 76. Mara nyingi yanadharauliwa kama ya watoto, lakini ni msaada mkubwa kwa wasichana na vijana wenye mikono midogo, na sauti yake ni nzuri.

Usahihi wa sauti. Piga uzi bila kuugusa, kisha uubonyeze kwenye nafasi ya 12. Sauti ya pili inapaswa kuwa ileile, ila ya juu. Ikiwa inapotoka, gitaa linahitaji kurekebishwa.

Umeme wa ndani. Magitaa mengine yana betri ndogo ya volti 9 ndani yake. Yana sauti yenye nguvu, lakini betri ikiisha yananyamaza au yanakwaruza. Tena, betri inaliwa muda wote waya ukiwa umechomekwa, hata kama hakuna anayepiga. Mahali ambapo kupata betri nzuri ni shida, gitaa lisilo na betri ni chaguo la busara.

Nyuzi za besi ni ghali, na katika miji yetu mingi hazipatikani kwa urahisi. Mkitunza mtazitumia kwa muda mrefu. Panguseni nyuzi kwa kitambaa kikavu kila baada ya kupiga, kwa maana jasho ndilo linaloziua. Nyuzi zilizozeeka na kupoteza mlio zinaweza kutolewa na kuchemshwa katika maji safi kwa dakika kumi, kisha kukaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Mlio utarudi kwa siku kadhaa, pengine majuma machache. Wapigaji wengi duniani wanafanya hivyo, si maskini peke yao. Msiache gitaa chini ya bati lenye joto la mchana wala kwenye unyevunyevu wa mvua, kwa sababu mti wa shingo unavuta maji na kupinda.

Kulinganisha nyuzi hakuhitaji chombo cha bei. Bonyeza mi kwenye nafasi ya tano, utapata la. Bonyeza la kwenye nafasi ya tano, utapata re. Bonyeza re mahali hapo hapo, utapata sol. Ikiwa kuna kinanda, anzeni kwa kuchukua mi yake.

Ampli na bafle

Hapa ndipo makundi mengi yanapopoteza fedha. Kundi linapewa gitaa la besi pamoja na ampli ya gitaa la solo, au linachomeka besi katika bafle ndogo ya redio. Siku mbili zinapita, spika inapasuka. Aliyepiga si mhalifu. Sauti ya chini inasukuma spika mbele na nyuma kwa umbali mkubwa, na spika ndogo haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Besi inahitaji ampli ya besi yenyewe au ya kinanda. Kwa mazoezi ndani ya chumba, wati 50 mpaka 100 zinatosha. Uwanjani, mbele ya watu mia kadhaa, zinahitajika wati 300 au zaidi, au besi ipitishwe kwenye vyombo vikubwa vya kukodi kwa kutumia kisanduku kidogo cha kuunganisha, ambacho wanamuziki wanakiita DI. Kisanduku hicho ni cha bei nafuu kuliko ampli kubwa, na kinaingia mfukoni.

Jueni pia kwamba kuongeza wati mara mbili hakuongezi sauti mara mbili. Ili sikio lihisi kwamba sauti imekuwa maradufu, zinatakiwa wati karibu mara kumi. Kwa hiyo kundi linalogombana ili libadilishe ampli ya wati 100 kwa ile ya wati 150 linagombania tofauti ambayo msikilizaji ataihisi kidogo sana. Fedha hizo zingenunua nyuzi, waya imara na kifuniko cha gitaa.

Nyuma ya ampli na bafle mtaona alama ya omu. Ikiwa ampli imeandikwa kwamba kiwango chake cha chini ni omu 4, mnaweza kuunganisha bafle moja ya omu 4, au mbili za omu 8 kila moja, kwa kuwa bafle mbili za omu 8 zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4. Mkiongeza ya tatu mnashuka chini ya kiwango, ampli inachemka na inaweza kuungua. Kanuni hii ifundishwe kwa kila mshiriki, si kwa "fundi" mmoja tu, ili siku ambayo fundi hayupo kundi lisifanye hasara.

Jambo la mwisho ni waya. Waya wa kutoka gitaa kwenda ampli na waya wa kutoka ampli kwenda bafle vinaweza kufanana kwa nje, lakini ndani ni tofauti. Wa kwanza ni mwembamba na umefunikwa ili usivute makelele. Wa pili ni mnene kwa sababu unapitisha nguvu. Wekeni alama ya rangi kila waya. Na katika kila kundi, kijana mmoja wa kiume na mmoja wa kike wajifunze kulehemu, maana kasoro nyingi ambazo watu wanadhani ni za ampli ni waya uliokatika karibu na kichwa chake.

Umeme: mahali pa hatari

Hapa hatuzungumzii tena uzuri wa sauti, tunazungumzia maisha ya watu. Mpiga gitaa mwenye vidole juu ya nyuzi za chuma, akikaribia mikrofoni kwa midomo, anaweza kupigwa na umeme ikiwa vyombo hivyo viwili vimeunganishwa vibaya. Wanamuziki wamekufa kwa njia hiyo katika nchi mbalimbali. Kwa hiyo:

Ampli zote na meza ya sauti vichukue umeme kutoka chanzo kimoja, chenye waya wa ardhi. Msikate kamwe kile chuma cha tatu cha plagi ili iingie ukutani.

Mkitumia jenereta, iwasheni kwanza, isubirini itulie, ndipo muunganishe ampli kupitia kidhibiti cha umeme. Jenereta isiwekwe ndani ya chumba: moshi wake unaua bila harufu ya kutosha kuonya.

Wakati wa kuwasha, ampli iwe ya mwisho. Wakati wa kuzima, iwe ya kwanza. Sauti iwe imeshushwa mpaka chini.

Mvua ikianza, tamasha linasimama. Mgeni wa heshima akikasirika, mwelezeni kwa adabu, lakini zimeni.

Kama fedha hazipo

Kundi lisilo na fedha halizuiliwi kuanza. Konono N°1 ya Kinshasa, iliyoanzishwa na Mingiedi Mawangu, ilipeleka duniani sauti ya likembe zilizounganishwa na umeme. Walitengeneza vifaa vya kunasa sauti kwa sumaku za magari ya zamani, na kati ya likembe zao moja ilifanya kazi ya besi. Walipotoa albamu yao ya Congotronics katikati ya miaka ya 2000, wasikilizaji wa Ulaya walishangaa, lakini kwao ilikuwa namna ya kusikika katikati ya makelele ya mji. Staff Benda Bilili, kundi la wanamuziki wenye ulemavu wa Kinshasa, walikuwa na kijana Roger Landu aliyepiga satonge, chombo chenye uzi mmoja alichokitengeneza kwa kopo. Katika vijiji vyetu pia watoto wanatengeneza magitaa kwa vibuyu, mbao na nyaya za breki za baiskeli.

Tunasema hivi kwa sababu tumeona makundi yanayokaa miezi mingi yakisubiri mfadhili. Kundi linalokutana kila Jumamosi na gitaa moja la mti na ngoma mbili limekwisha anza kazi ya amani. Kundi linalosubiri vyombo bila kukutana halijaanza, na vyombo vikija havitakuta kundi bali majina katika karatasi.

Vita vya sauti

Kila aliyepiga katika bendi anajua jambo hili. Mazoezi yanaanza vizuri. Mpiga solo hajisikii vizuri, anaongeza sauti kidogo. Mpiga ngoma naye anagonga kwa nguvu ili asifunikwe. Besi inapandishwa. Mwimbaji anapiga kelele, kisha analalamika. Baada ya nusu saa kila mmoja amefika mwisho wa kitufe chake, hakuna anayesikia chochote, na kila mmoja anaapa kwamba aliyeanza ni mwingine.

Katika semina zetu tunatumia mfano huu kueleza namna mgogoro unavyokua kati ya jamii mbili. Hakuna aliyetaka vita, kila mmoja alitaka tu asikike. Lakini kila hatua ya kujilinda ilionekana na mwenzake kama shambulio. Vijana wanauelewa haraka kuliko mchoro wowote wa ukutani, kwa kuwa wameuishi Jumamosi iliyopita.

Suluhisho la bendi linafundisha pia. Kwanza, wote wanashusha kwa wakati mmoja. Akishusha mmoja peke yake anaona ameonewa. Pili, ampli inanyanyuliwa juu ya kiti na kuelekezwa kwenye masikio ya mpigaji, kwa maana mara nyingi alikuwa anaongeza sauti kwa sababu ampli ilikuwa inapigia magoti yake. Yaani, kabla ya kumlaumu mtu kwamba anapiga kelele, ulizeni kama anajisikia. Tatu, kikomo kinawekwa kwa kipimo ambacho wote wanakikubali: ikiwa mwimbaji hasikiki bila kujikaza, bendi iko juu mno.

Kuna sababu ya afya vilevile. Sikio linaweza kuvumilia sauti ya desibeli 85 kwa saa 8 kwa siku. Kila desibeli 3 zikiongezeka, muda huo unapungua nusu, hata kwa desibeli 100 inabaki robo saa tu. Bendi katika chumba kidogo chenye bati inafika hapo bila taabu. Mlio unaobaki masikioni usiku baada ya mazoezi ni onyo, na kusikia kukiisha kupotea hakurudi.

Chombo ni cha nani?

Katika mji mmoja wa Kivu ya Kusini tulisindikiza bendi ya vijana wa jamii tatu. Ampli ya besi ilikuwa inalala kwa mpiga ngoma, kwa sababu nyumba yake ilikuwa na mlango wa chuma. Hakuna aliyeandika lolote. Siku moja uvumi ukatoka sokoni kwamba ampli inakodishwa usiku kwa mikutano ya wanasiasa wa kabila la mpiga ngoma. Ndani ya juma moja vijana wa upande wa pili waliacha kuja mazoezini, na baadhi walikuwa wamekwisha panga kwenda kuichukua ampli kwa nguvu. Kwa bahati, mama mmoja muuza samaki, ambaye watoto wake wawili walikuwa katika bendi, aliwatangulia kwa wazee. Wazee waliwaita wote. Ilionekana kwamba ampli ilikuwa imetoka mara moja tu: ilikwenda kwenye kilio cha jirani, na familia iliyofiwa ilikuwa ya jamii ya hao hao waliolalamika. Ilikuwa bado hatua moja tu, na nyumba ya mtu ingevamiwa kwa sababu ya daftari ambalo halikuwepo.

Toka siku ile bendi hiyo ilifuata kanuni chache, na tunazipendekeza kwa makundi yote:

Orodha. Kila chombo kiandikwe: aina, rangi, namba yake, hali yake na aliyekitoa. Nakala tatu zikae mahali patatu.

Funguo mbili. Vyombo vikae mahali pasipo pa upande mmoja, kama vile parokia, shule au kituo cha vijana, katika chumba chenye kufuli mbili. Funguo zishikwe na watu wa jamii tofauti.

Daftari la kutoka na kurudi. Chombo hakitoki bila tarehe, sababu na sahihi mbili. Daftari liwe wazi kwa kila mshiriki na kwa wazazi.

Mfuko wa matengenezo. Kabla ya kugawana fedha za tamasha, sehemu inayokubaliwa na wote iwekwe kwa nyuzi, waya na mafuta ya jenereta.

Mgawanyo wa fedha. Uzungumzwe kabla ya tamasha, si baada. Mwimbaji anajulikana na watu, lakini mpiga besi alibeba bafle mgongoni. Historia ya bendi kubwa inatuonya. Mwaka 1963 wanamuziki wengi wa African Jazz walimwacha Kabasele, na Tabu Ley Rochereau na Dr Nico wakaunda African Fiesta, ambayo nayo iligawanyika miaka michache baadaye. Wenge Musica ilipasuka mwaka 1997, na mashabiki wake wakagawanyika mitaani. Ilichukua miaka karibu 25 mpaka viongozi wake wa zamani wakapanda tena jukwaa moja Kinshasa mwaka 2022.

Siku ya kukimbia. Jambo hili linaumiza lakini lazima lisemwe. Januari na Februari 2025 vita vilifika ndani ya Goma na Bukavu, na watu wengi walikimbia na kile walichoweza kubeba. Kundi liamue mapema: uhai wa mtu kwanza, kisha orodha, kisha chombo chepesi. Hakuna anayerudi nyuma kwa ajili ya ampli. Hakuna atakayelaumiwa kwa kilichobaki.

Wasichana na besi

Wasichana wengi wanakaribishwa katika bendi ili waimbe au wacheze, si ili washike chombo. Besi ni mlango mzuri, kwani masomo yake ya kwanza yanaeleweka haraka na kazi yake inaheshimiwa. Lakini wazazi wana maswali mawili, nayo ni ya haki: atarudi saa ngapi, na atakuwa na nani? Mazoezi yafanyike mchana, mama mmoja anayeaminika awepo, na wasichana wawe wawili au zaidi, asiwe mmoja peke yake. Na msichana aliyejifunza besi apige besi siku ya tamasha. Si vema afundishwe mwaka mzima, halafu mgeni akija anyang'anywe gitaa apewe kijana "mwenye uzoefu".

Jina la nani linaimbwa?

Katika muziki wetu kuna desturi inayoitwa kwa Kilingala libanga: mwimbaji anataja jina la mtu mwenye mali au cheo ndani ya wimbo, na mtu huyo analipa. Kwa bendi ya kawaida ni riziki. Kwa bendi ya amani ni hatari. Mkitaja jina la mkubwa wa jamii moja, jamii nyingine imeandika katika roho yake. Mkitaja jina la mwenye silaha, mmejiweka chini ya bunduki yake, na adui zake watawahesabu pamoja naye.

Ni vema kundi liamue mapema kwamba litataja mitaa, mito, milima na kazi za watu, bila kutaja wakubwa. Nyimbo zichaguliwe kwa zamu kutoka kila jamii, na lugha zibadilishane. Msiwape wasikilizaji wimbo wa lugha yao bila kumwuliza mwenye lugha hiyo maneno yana maana gani, kwa sababu neno lililo la utani upande mmoja linaweza kuwa tusi upande wa pili.

Maswali ya kujadili katika kundi

1. Katika bendi yetu, nani anasikika sana na nani hasikiki? Je, katika mtaa wetu ni hivyo hivyo?
2. Vyombo vyetu vinalala wapi usiku? Je, kila mshiriki anaweza kuviona daftarini?
3. Nani kati yetu anajua kuunganisha ampli bila kuiunguza wala kujiumiza? Nani atafundishwa mwezi huu?
4. Mkubwa mmoja akitupa fedha ili tuimbe jina lake, tutamjibu nini, na nani atajibu?
5. Tukilazimika kutawanyika, tutatafutanaje?

Makundi yanayopenda kuanza yachukue swali la pili kwanza. Nunueni daftari na kalamu kabla ya nyuzi, na kwenye mazoezi ya Jumamosi ijayo andikeni mnavyo vyombo gani, hata kama ni ngoma mbili na gitaa la mti.